Fahamu safari ya Saya Sakakibara: kutoka anguko la Tokyo hadi dhahabu ya Paris

Msikilizaji wetu, ukisimama asubuhi kando ya barabara ya Nyaishozi kwenda Ihembe utaona baiskeli za kila namna. Moja imebeba mkungu wa ndizi kwenye keria, nyingine madumu ya maji, nyingine gunia la kahawa. Ukitazama vizuri utaona pia kwamba wengi wanaoziendesha ni wavulana na wanaume. Wasichana nao hujifunza, lakini akianguka mmoja kwenye mteremko hakosi kusikia maneno yaleyale: acha hiyo, baiskeli si ya mtoto wa kike.

Makala hii inamhusu msichana aliyeanguka na baiskeli mbele ya dunia nzima. Anaitwa Saya Sakakibara, raia wa Australia. Mwaka 2021 alianguka kwenye nusu fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka uliofuata alikaribia kuacha mchezo kabisa. Mwaka 2024, mjini Paris, alivishwa medali ya dhahabu.

Tutaeleza mchezo wenyewe ni upi, nini kilimpata, alirudi vipi, na jambo moja ambalo kila mzazi na mwalimu anapaswa kulijua: mtu aliyeumia kichwa hatakiwi kurudishwa kwenye baiskeli kwa haraka.

Kwa ufupi

- Jina: Saya Sakakibara
- Kuzaliwa: 23 Agosti 1999, Gold Coast, Australia
- Mchezo: mbio za baiskeli za BMX
- Pigo la kwanza: Februari 2020, kaka yake Kai aliumia ubongo mashindanoni
- Pigo la pili: 30 Julai 2021, alianguka kwenye nusu fainali ya Olimpiki, Tokyo
- Ushindi: 2 Agosti 2024, medali ya dhahabu ya Olimpiki, Paris

BMX ni mchezo gani?

BMX ni mbio za baiskeli ndogo kwenye njia fupi yenye matuta na kona. Zilianza Marekani, katika jimbo la California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto wa huko walipenda mbio za pikipiki za kwenye udongo, lakini hawakuwa na pikipiki. Wakachukua baiskeli zao wakaiga. Herufi B na M zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza ya baiskeli na pikipiki, na X inasimama kwa maana ya kukatiza njia mbovu.

Baiskeli ya BMX ni tofauti na Phoenix tunayoijua. Magurudumu yake ni ya inchi 20, kama ya baiskeli ya mtoto. Haina keria, haina gia za kubadilisha, na ina breki moja tu, ya nyuma. Siti yake iko chini sana kwa sababu mwendeshaji hakai. Muda wote anasimama juu ya pedali, akiinama na kuinuka kufuata matuta.

Mashindano makubwa huanzia juu ya jukwaa lenye kimo cha mita 8, yaani karibu sawa na jengo la ghorofa mbili. Waendeshaji wanane hupanga mstari, gurudumu la mbele likiegemea geti. Sauti ya mashine huwaambia wajiandae. Baada ya hapo kinapita kimya cha muda usiojulikana, mara kifupi, mara kirefu kidogo, ili asiwepo wa kubahatisha. Geti likianguka, wote wanateremka kwa pamoja.

Njia yenyewe ina urefu wa mita 400 hivi. Mbio zote huchukua chini ya dakika moja. Hakuna mistari ya kumtenganisha mtu na mwenzake, hivyo wanane hao wanagombea kona moja ya kwanza. Anayefika pale akiwa mbele ana nafasi kubwa ya kushinda. Aliye katikati anaweza kuangushwa na kosa la mwingine, hata kama yeye mwenyewe hakukosea.

BMX iliingia kwenye Olimpiki mwaka 2008, Beijing, China. Mshindi wa kwanza wa kike alikuwa Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa. Mariana Pajón wa Colombia akashinda mwaka 2012 London na mwaka 2016 Rio. Afrika nayo imewahi kuwa na mwakilishi: Sifiso Nhlapo wa Afrika Kusini alishiriki Beijing 2008 na London 2012.

Saya na kaka yake

Saya ni mtoto wa mama Mjapani na baba Mwingereza. Alizaliwa Australia, akaishi Japani sehemu ya utoto wake, kisha familia ikarudi Australia. Aliyetangulia kupanda BMX ni kaka yake, Kai, na Saya akamfuata akiwa bado mtoto mdogo. Wenye kaka wanajua ilivyo. Kaka akienda kuchota maji, mdogo yuko nyuma. Kaka akipanda mti, mdogo yuko chini yake.

Walikua pamoja katika mchezo huo hadi wote wawili wakawa miongoni mwa waendeshaji bora wa Australia. Mipango yao ilikuwa mmoja: kwenda pamoja Tokyo 2020, mji mkuu wa nchi ya mama yao.

Tarehe 8 Februari 2020, miezi michache kabla ya Olimpiki iliyokuwa imepangwa, Kai alianguka vibaya kwenye mashindano ya Kombe la Dunia mjini Bathurst, Australia. Aliumia ubongo. Alikaa katika hali ya kutojitambua kwa takribani miezi miwili. Alipozinduka ilimbidi ajifunze upya kuongea na kutembea, kama mtoto. Hakurudi tena kwenye mbio za BMX.

Mwezi uliofuata ajali hiyo, Olimpiki ikaahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya janga la korona. Saya akabaki na mwaka mzima wa kufanya mazoezi kwenye mchezo uleule uliomlaza kaka yake hospitalini.

Tokyo, 30 Julai 2021

Ili kuelewa kilichotokea Tokyo, ni lazima ujue hesabu ya nusu fainali. Kila kundi lina watu wanane, nao hushindana mara tatu. Anayemaliza wa kwanza hupata pointi 1, wa pili pointi 2, na kuendelea hivyo hadi wa nane. Baada ya mbio tatu pointi hujumlishwa, na wanne wenye pointi chache zaidi ndio huingia fainali. Kwa hiyo mbio moja mbaya inaweza kuharibu mbili nzuri.

Saya alianza vizuri, na alipofika mbio ya tatu alikuwa na nafasi nzuri ya kuingia fainali. Katika mbio hiyo akagusana na mpinzani, akaanguka. Safari yake ya Tokyo ikaishia hapo, chini ya dakika moja kabla ya kufuzu. Juu ya huzuni hiyo, alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo.

Siku hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo, Connor Fields wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2016 kwa wanaume, naye alianguka kwenye nusu fainali na kuvuja damu kwenye ubongo. Alipona, lakini hakutetea ubingwa wake. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba hofu ya Saya na ya familia yake ilikuwa na sababu za kweli.

Aliyeshinda siku ile

Dhahabu ya wanawake siku ile ilichukuliwa na msichana wa rika lake, Beth Shriever wa Uingereza, naye aliyezaliwa mwaka 1999. Mkasa wake unafaa kusimuliwa hapa kwa sababu yeye na Saya watakutana tena mbele.

Mwaka 2017 Beth alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka huohuo, chombo kinachogawa fedha za michezo nchini Uingereza kiliamua kutowagharamia wanawake wa BMX kwa ajili ya Tokyo. Fedha zingeenda kwa upande wa wanaume pekee. Beth akatafuta kazi ya muda ya kuwa msaidizi wa mwalimu shuleni, huku akifanya mazoezi. Wazazi wake walimsaidia. Mwaka 2019 aliomba mchango wa umma kupitia intaneti, lengo likiwa pauni 50,000, ili aweze kusafiri kwenda kwenye mashindano ya kutafuta kufuzu. Baadaye chama cha baiskeli cha nchi yake nacho kikamshika mkono.

Kwetu tunaita mchango au harambee. Watu wanakaa, daftari linafunguliwa, kila mmoja anaandikisha alichonacho. Medali ya dhahabu ya Beth ilianzia kwenye jambo kama hilo. Katika fainali ya Tokyo alimshinda Mariana Pajón kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya mstari wa mwisho alianguka chini kwa uchovu, na mwenzake wa timu, Kye Whyte, aliyekuwa ametoka kushinda fedha upande wa wanaume, akamnyanyua.

Kwa hiyo jioni ile Beth alikuwa bingwa wa Olimpiki, na Saya alikuwa na maumivu ya kichwa.

Miaka miwili migumu

Wengi hudhani mtu akianguka jambo la kufanya ni kunyanyuka palepale na kuendelea. Saya alijaribu hivyo, na haikuwa rahisi. Mwaka 2022 alianguka tena na kupata mtikisiko mwingine wa ubongo. Safari hii dalili hazikuondoka upesi. Amewahi kueleza kwamba wakati huo alikuwa karibu kuacha mchezo, kwamba furaha ilikuwa imepotea na hofu imechukua nafasi yake.

Lilikuwepo na jambo la ndani zaidi. Tangu ajali ya kaka yake, Saya alikuwa amebeba ndoto mbili, yake na ya Kai. Kila mbio aliona anashindana kwa niaba ya mtu mwingine ambaye hawezi tena. Anayejua kubeba mkungu mbichi wa ndizi kichwani kutoka bondeni anaelewa: mzigo wa mtu mmoja unapandisha mlima, mzigo wa watu wawili unakukalisha chini.

Katika mahojiano ameeleza kwamba kilichobadilika ni kutambua kwamba anapaswa kupanda baiskeli kwa sababu yeye mwenyewe anapenda. Hakumsahau kaka yake. Alichukua namba aliyokuwa akiitumia Kai, 77, akawa anashindana nayo. Ila aliacha kujidai deni ambalo Kai mwenyewe hakumdai.

Kai naye hakukaa. Aliingia kwenye mchezo wa kupiga makasia kwa watu wenye ulemavu. Kwa mdogo aliyezoea kumfuata kaka kila mahali, kumwona akianza upya kulikuwa somo.

Saya alipumzika hadi alipopona, kisha akarudi hatua kwa hatua. Mwaka 2023 alitwaa ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la BMX, ambalo hupatikana kwa kujumlisha pointi za mashindano kadhaa ya mwaka. Mwaka 2024 akalitwaa tena. Kwa yeyote aliyekuwa akifuatilia, huyu hakuwa tena msichana wa Tokyo aliyeanguka.

Paris, 2 Agosti 2024

Mbio za BMX za Olimpiki ya 2024 zilifanyika usiku, nje kidogo ya Paris, katika uwanja wa Saint-Quentin-en-Yvelines. Saya alishinda mbio baada ya mbio hadi kuingia fainali. Beth Shriever naye alishinda mbio zake za nusu fainali, ingawa miezi michache tu kabla alikuwa amevunjika mfupa wa mtulinga, yaani ule unaounganisha bega na kifua.

Fainali ni mbio moja tu. Hapo hakuna kujumlisha pointi wala nafasi ya kusahihisha. Geti lilipoanguka Saya alitoka vizuri, akawa mbele kufika kona ya kwanza, na hakuna aliyemfikia tena. Alimaliza kwa sekunde 34 na kidogo. Manon Veenstra wa Uholanzi alikuwa wa pili, na Zoé Claessens wa Uswisi wa tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Australia katika mbio za BMX za Olimpiki.

Kai alikuwepo uwanjani akishuhudia. Dada na kaka walikumbatiana. Miaka minne na nusu ilikuwa imepita tangu Bathurst, na mitatu tangu Tokyo.

Na Beth? Bingwa wa Tokyo alimaliza fainali akiwa wa nane, wa mwisho. Waswahili husema mpanda ngazi hushuka. Miaka mitatu kabla, mmoja alikuwa juu na mwingine chini. Sasa walikuwa wamebadilishana.

Mwaka 2025, mjini Copenhagen, Denmark, Beth alishinda ubingwa wa dunia kwa mara ya tatu, baada ya ule wa 2021 na wa 2023. Kwa hiyo naye alirudi. Ukiziweka safari hizi mbili pamoja utaona kwamba kushindwa kulimpitia kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyeshinda tena kwa kuharakisha. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake, na kila mmoja alipata muda.

Tujifunze kuhusu kichwa: mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Kichwa kikigongwa au kikitikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika na kazi yake huvurugika kwa muda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Mtu anaweza kuupata bila kupoteza fahamu na bila kidonda chochote cha nje. Hata picha ya hospitali inaweza isionyeshe kitu, na bado mtu akawa anaumwa.

Dalili zake ni hizi:

- kuumwa kichwa au kizunguzungu
- kichefuchefu
- kuchanganyikiwa, au kusahau kilichotokea
- kuona ukungu, au kusumbuliwa na mwanga na kelele
- usingizi usio wa kawaida, au kukosa usingizi
- kuwa na hasira au huzuni isiyo ya kawaida

Mpeleke majeruhi kwenye kituo cha afya mara moja ukiona hata moja kati ya hizi:

- amepoteza fahamu, hata kwa muda mfupi
- anatapika mara kwa mara
- ana degedege
- maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua
- mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya jingine
- damu au maji yanatoka puani au masikioni
- mkono au mguu umekosa nguvu, au maneno hayaeleweki
- haamki vizuri akiamshwa

Kama analalamika shingo, msimnyanyue ovyo. Mtulize alale kama alivyo hadi mpate msaada wa kumbeba bila kuipinda shingo.

Kanuni inayofuatwa katika michezo duniani ni rahisi kukumbuka: anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo atoke mchezoni, na asirudi siku hiyo. Apumzike siku moja hadi mbili, asifanye kazi nzito wala michezo. Baada ya hapo arudi kidogo kidogo: kwanza kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha mazoezi, na mwisho kabisa mashindano. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, arudi nyuma hatua moja. Kwa mtoto, shule ndiyo ya kwanza kurudi, mchezo baadaye.

Hatari kubwa ni kugonga kichwa mara ya pili kabla ya ya kwanza kupona. Ndiyo maana tunasema kijana aliyeanguka asirudishwe haraka, si kwenye baiskeli, si uwanjani, wala kwenye bodaboda. Kofia ngumu inalinda fuvu na uso, na ni muhimu kuivaa, lakini haizuii ubongo kutikisika. Waendeshaji wa BMX huvaa kofia inayofunika uso mzima, na bado Saya aliumia.

Na huku kwetu?

Njia za BMX hazijazoeleka katika vijiji vyetu, lakini mbio za baiskeli si ngeni. Mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Mwanza, Shinyanga na Simiyu imekuwa na mashindano ya baiskeli ya barabarani, na wanawake hushiriki.

Ng'ambo ya Mto Kagera, majirani zetu wa Rwanda wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2015, Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alishiriki mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani huko Richmond, Marekani. Miaka kumi baadaye, Septemba 2025, mashindano hayohayo yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Milima waliyopanda mabingwa wale haina tofauti kubwa na yetu ya Karagwe na Kyerwa. Mwaka huohuo Kim Le Court wa Mauritius alikuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya mwongoza mbio katika Tour de France ya wanawake.

Hatusemi kila msichana wa Ihembe awe bingwa wa Olimpiki. Wengi wanahitaji baiskeli kwa jambo la karibu zaidi: kufika shule kabla ya kengele, kupeleka mgonjwa zahanati, kufikisha ndizi sokoni Kayanga au Omurushaka kabla jua halijawa kali. Msichana aliyeambiwa aache baada ya anguko la kwanza anapoteza zaidi ya mchezo. Anabaki akitembea kwa miguu njia ambayo kaka yake anaipita kwa robo ya muda.

Maswali yanayoweza kuulizwa

*Msichana ameanguka na sasa anaogopa. Tumlazimishe apande tena?*

Hapana. Kwanza hakikisheni hakuumia, hasa kichwani. Kisha mpe muda. Akitaka mwenyewe, aanzie mahali tambarare, breki zikiwa zimekaguliwa, mtu akiwa pembeni yake. Saya hakurudi kwa kulazimishwa, na hofu yake haikuwa aibu.

*Akisema hataki tena?*

Hilo nalo ni jibu. Kai hakurudi kwenye BMX, akapata mchezo mwingine. Kinachoumiza mtoto ni kuamuliwa na wengine, iwe kwa kulazimishwa au kwa kukatazwa.

*Kwa kawaida baiskeli huangusha kwa sababu gani kwenye miteremko yetu?*

Sababu za kawaida ni breki zilizolegea au kuisha, mzigo uliopita kiasi kwenye keria, changarawe kwenye kona, na kushindana kuteremka. Kagua breki zote mbili kabla ya kuondoka. Kwenye mteremko mkali, shuka utembee nayo. Usifunge breki ya mbele ghafla, itakurusha juu ya usukani.

*Je, mtoto anayeshindwa mashindano atiwe moyo kwa maneno gani?*

Wazee walishatuachia mawili yanayotosha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwambie hayo, kisha msaidie kutafuta koleo jingine: muda wa mazoezi, nauli ya kwenda mashindanoni, kofia ngumu, au tu kupunguziwa zamu ya maji jioni moja ili naye apumzike kama kaka zake.

Michezo ijayo ya Olimpiki ni mwaka 2028, Los Angeles, katika jimbo lilelile la California ambako watoto wasio na pikipiki walianzisha mchezo huu kwa baiskeli zao za kawaida. Ukisikia jina la Saya Sakakibara au Beth Shriever redioni wakati huo, utakuwa unajua walikotoka.